Mfuniko Mkononi, Chupa Njiani

Niliondoka Tabora Jumanne asubuhi nikiwa na khanga mbili, mswaki, na mfuniko wa mbao wa chupa ambayo haikuwepo. Mpango sikuwa nao. Wanaonijua hawatashangaa: niliacha shule darasa la sita kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara, na tangu hapo sijaona barabara nisijiulize inaishia wapi. Ila safari hii haikuwa ya udadisi. Bi Zuwena alisimama mlangoni kwangu, akanyoosha kidole nje, akasema, "Hawa, ukirudi na chupa, chumba ni chako. Ukirudi bila chupa, mizigo yako utaikuta kwa balozi wa nyumba kumi."

Tangu nirudi kila mtu ananisimamisha sokoni kuuliza ilikuwaje, nami nimechoka kusimulia nikiwa nimebeba kikapu cha nyanya. Naandika mara moja, mpeane.

Kibarazani

Kazi yangu mnaijua. Natafuta vyombo na samani za miaka ya hamsini na sitini, vile ambavyo bibi zetu waliviona vya kisasa kuliko kesho: viti vya miguu iliyochanuka, meza za kahawa zenye umbo la figo, saa za ukutani zenye miale kama jua, makopo ya majani ya chai, chupa za kioo za mdomo mpana. Naviokota kwenye stoo na mabanda ya kuku, navisugua, kisha vinakwenda kwa watu wa mijini wanaopamba nyumba zao. Navianika kwenye kibaraza cha mwenye nyumba wangu, Bi Zuwena.

Bi Zuwena ni mjane wa miaka sabini na kitu, wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman ambao wako Tabora tangu enzi za misafara. Ndani kwake mna vitu vinavyonikosesha usingizi, wala hajawahi kuniuzia hata kijiko. Kilicho bora kuliko vyote ni chupa moja ya kioo cha kijani hafifu, mabega ya mraba, mfuniko wa mtiki. Zilikuwa tatu, za mama yake. Fundi wa mabango wa mjini aliziandika kwa rangi nyeupe: SUKARI, MAJANI, CHUMVI. Mbili zilivunjika zamani, ikabaki ya chumvi.

Ila ndani yake hamkuwa na chumvi. Mama alikuwa na watoto sita wadokozi, kwa hiyo chumvi aliitia kwenye chupa ya SUKARI, na sukari akaificha kwenye CHUMVI. Kila mtoto alionja mara moja, akatema, akakoma. Zuwena pekee ndiye aliyegundua siri, akakaa kimya miaka miwili anakula peke yake. Siku kijiko kilipoumega mdomo wa chupa na mama akamfumania, hakumchapa. Alimchotea kijiko kimoja, akamwambia, "Sasa tuko wawili." Mpaka leo Bi Zuwena anaweka sukari yake humo, na asubuhi anachota kijiko cha kwanza bila kusema neno.

Ijumaa ile aliiosha chupa, akaianika ukingoni mwa kibaraza, kando ya vitu vyangu. Mfuniko aliuacha dirishani jikoni. Mimi nilikuwa nimeinama, nasugua mguu wa kiti. Akapita Maganga, fundi mizinga ya nyuki kutoka Usoke, ambaye huja mjini kuuza asali. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Watu wetu walianza kutaniana huko nyuma, walipokuwa wakipishana na mizigo begani kati ya hapa na pwani, na mtani akichukua kitu chako humkasirikii. Ukikasirika, umeshindwa.

"We mla nazi!" aliita. "Babu zangu walibeba mizigo ya babu zako mpaka migongo ikapinda. Leo nachukua chupa moja, iwe fidia."

"Chukua, mla michembe we!" nilijibu bila kuinua kichwa, nikimtajia viazi vikavu vya kwao. "Na kibaraza ukiweza kukibeba, beba!"

Nilidhani anachukua ile yangu yenye ufa. Nusu saa baadaye Bi Zuwena akatoka na mfuniko mkononi.

"Hawa, mwanangu, chupa iko wapi?"

Niliangalia. Yangu yenye ufa ilikuwa palepale, inanicheka.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole ule unaotisha kuliko kelele, "Mimi na huyo Maganga tuna utani tangu lini?"

Nilishika simu nimpigie Maganga. Namba yake sikuwa nayo. Huwa anabadilisha laini kama shati. Siku tatu nilimngojea sokoni, hakuonekana. Siku ya nne ndipo kikanyooshwa kile kidole.

Tabora mpaka Usoke

Nilipata lifti kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka mizinga mitupu ya nyuki upande wa Urambo. Nilikaa nyuma, katikati ya mizinga, na mfuniko nimeufunga kwenye khanga kiunoni. Dereva alisema tutafika Usoke kwa saa moja na nusu. Hakusema kwamba ni msimu wa uyoga.

Mvua zilikuwa zimeanza, na kando ya barabara wanawake walipanga uyoga mafungu mafungu juu ya majani. Dereva alisimama kwenye kila fungu. Hakununua. Aliinua, akanusa, akauliza umetoka msitu upi, akaurudisha kwa heshima, akaondoka.

"Kaka, unatafuta uyoga au mchumba?" nilimuuliza kwenye kituo cha tano.

"Dada, uyoga ukikosea unakufa. Mchumba ukikosea unaishi naye. Vyote vinataka subira."

Kituo cha saba alinunua. Kituo cha nane tulizama kwenye tope.

Tulishuka kusukuma, ikashindikana. Akatoa jeki, jeki ikazama nayo. Akatazama huku na huku akitafuta kibao cha kuwekea chini yake, na macho yake yakatua kiunoni kwangu.

"Hicho ulichofunga ni kibao?"

"Ni mfuniko."

"Wa nini?"

"Wa chupa."

"Chupa iko wapi?"

"Ndiyo naifuata."

Alinitazama kama anavyotazama uyoga asioujua. "Yaani una mfuniko, chupa huna, na gari limezama. Dada, Mungu akuonyeshe nini tena? Lete."

Niliukalia. Kweli kabisa, niliukalia pale kwenye nyasi zenye umande, na sikuinuka mpaka wachunga ng'ombe wawili walipokuja na gogo. Saa moja na nusu ilikuwa imeshakuwa saa tano, na khanga yangu ilikuwa na alama ya duara ambayo haijatoka mpaka leo.

Usoke

Maganga nilimkuta nje ya nyumba ya mama yake, anachimba gogo kwa patasi. Aliponiona alicheka mpaka patasi ikamdondoka.

"Mama! Njoo uone! Mzaramo amefuata chupa kwa miguu! Wamefilisika kabisa pwani!"

Nilimsalimia mama yake kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, pumzika." Kisha nikamgeukia Maganga nikafungua khanga, nikamwonyesha mfuniko.

"Ile chupa si yangu. Ni ya Bi Zuwena."

Kicheko kilikatika kama redio iliyoisha betri. Akatazama mfuniko, akamtazama mama yake.

"Yule bibi mwenye nyumba?"

"Huyohuyo. Ya mama yake, marehemu."

"Yule sina utani naye," alisema polepole. Akakaa juu ya gogo. "Mama, mimi nimeiba."

"Umeiba," mama yake alikubali, bila haraka, akiendelea kuchambua karanga. "Na umemletea dada yako mali ya wizi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba chupa haikuwepo Usoke pia. Maganga alikuwa ameipeleka Jumamosi kwa dada yake, Kalunde, anayepika chakula karibu na stesheni ya Kaliua. Alipiga simu, haikupatikana. Akapiga tena mara tisa, kama mtu anayegonga mlango wa zahanati. Mwisho mama yake akasema, "Mwache mgeni ale."

Nilikula ugali na uyoga uliopikwa na karanga, na wakanifungia matobolwa ya njiani, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka ukivitafuna vinakutafuna na wewe. Kesho yake Maganga alinisindikiza barabarani kupanda basi. Mkononi alinipa dumu dogo la asali.

"Mpe bibi. Mwambie Maganga anaomba radhi. Na wewe," akaongeza, uso ukaanza kurudia utani wake, "ukishindwa kuipata, usirudi kupitia hapa. Mama atataka kukuoza kwangu, na mimi sina hela ya kukununulia nazi."

Kaliua

Kalunde ni Maganga mara mbili, kwa umbo na kwa mdomo. Nilimkuta anakoroga sufuria ya maharage kwa mwiko mrefu kama kasia. Nilijieleza yote kwa mpigo: chupa, bibi, mama wa bibi, sukari, chumba changu, balozi. Alisikiliza huku anapakua, akanipa sahani ambayo sikuiomba, kisha akasema:

"Chupa haipo."

"Iko wapi?"

"Imeandikwaje?"

"Chumvi."

"Na chumvi inatoka wapi?"

Nilijua jibu kabla sijalitamka. "Uvinza."

"Basi. Imekwenda kwao." Alipangusa mikono. "Mimi chumvi yangu naletewa na Mama Tereza wa Uvinza. Nikampa mtu wa treni ampelekee, amjaze. Chombo kimeandikwa kazi yake, unataka nikitie maharage?"

Ni mantiki ambayo huwezi kubishana nayo, hasa ukiwa na ugali mdomoni. Nilimwomba ampigie Mama Tereza amwambie anikabidhi. Simu yake ilikuwa imepata chaji. Alikwenda nyuma ya banda ambako mtandao unapatikana, na nilimsikia anaongea kwa sauti, anacheka, anaongea tena. Alirudi anafuta machozi ya kicheko.

"Nimemwambia kila kitu. Nenda tu, atakupokea."

"Umemwambia nini?"

"Ukweli. We Mzaramo unauogopa ukweli?"

Nilipaswa kushtuka pale. Lakini maharage yalikuwa mazuri.

Kaliua mpaka Uvinza

Treni ilitarajiwa alfajiri. Ilifika saa nne. Hakuna aliyelalamika isipokuwa jogoo mmoja aliyefungwa kwenye kikapu. Nililala kwenye benchi la stesheni, kichwa juu ya mfuniko, na nilipoamka nilikuta nina marafiki, kwa sababu kila aliyepita alitaka kujua ni kitu gani.

Kwenye behewa mambo yalizidi. Katekista mmoja mzee alisema ni kibao cha kukatia vitunguu. Mke wake alisema hapana, ni kiti cha mtoto, kimeng'oka miguu. Mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa anarudi Kigoma aliapa kwamba babu yake alikuwa na kitu kama hicho cha kupigia ramli, na watu wawili wakahama benchi. Niliwaeleza ni mfuniko. Wakanidai chupa. Nikaanza hadithi upya, na tulipofika bonde la Malagarasi behewa zima lilikuwa limegawanyika: upande mmoja unasema Bi Zuwena ana haki kunifukuza, upande mwingine unasema angefunika chupa yake mwenyewe haya yasingetokea.

"Kosa ni la mfuniko," katekista aliamua. "Ungekuwa juu ya chupa, fundi angeona ni chombo chenye mwenyewe. Chupa wazi ni kama nyumba isiyo na mlango."

"Na wewe jana uliacha chungu wazi, paka akala," mke wake alimkumbusha.

Kesi ikaishia hapo. Tuligawana matobolwa yangu na maji yao, na mimi nikatoa kichwa dirishani. Miombo ilikuwa imechipua majani mekundu kabla ya kugeuka kijani. Nilifikiria wale waliopita hapa zamani kwa miguu, na mizigo vichwani, na chumvi ya Uvinza ikiwa miongoni mwa mali zao. Mimi nilikuwa na kibao kimoja tu na nilikuwa nimechoka.

Uvinza

Nilishuka jua likiwa bado linachoma. Nyumba ya wageni ya Mama Tereza haina shida kuiona; mbele yake kuna magunia ya chumvi yamepangwa, na mwenyewe amekaa katikati yao, mama wa Kiha mwembamba, rozari shingoni, anashona kiroba. Juu ya meza, mlangoni, ilikuwa chupa. Kijani hafifu, mabega ya mraba, CHUMVI. Mdomoni imezibwa kwa gunzi la mahindi.

Niliwahi kupata vitu vizuri maishani, lakini sijawahi kufurahi vile kwa kuona kitu ambacho si changu na hakitakuwa changu.

"Shikamoo mama. Natoka kwa Kalunde, Kaliua."

Hakuitikia. Aliinuka, akaibeba chupa, akaipakata kifuani kama mtoto.

"Wewe ndiye Mzaramo?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiye mwizi wa vyombo?"

"Mama?"

"Kalunde amenipigia. Amesema anakuja mwanamke wa Kizaramo, ulimi asali, anazunguka kwenye nyumba za watu anabeba vyombo vya marehemu. Amesema atakuja na kipande cha ubao na hadithi ya kuliza. Amesema nisimpe kitu mpaka nimfungie." Aliangalia barabarani. "Nilikuwa najiuliza nikufungie wapi. Chumba chenye kufuli nzima ni kimoja."

Kila neno la Kalunde lilikuwa utani halali, mtamu kabisa, wa kunipasua mbavu; ila aliurusha kwa mtu asiyehusika. Mimi na Mama Tereza hatutaniani. Yeye aliambiwa mwizi anakuja, naye akaamini, kama Maganga alivyochukua chupa kibarazani akaamini ni yangu. Kosa lilelile lilikuwa limenizunguka, likanisubiri mwisho wa reli.

Nikajua pia kwamba hapa mzaha hautanisaidia. Nikicheka, mwizi anacheka. Kwa hiyo nilifanya kitu nisichokizoea: nikapiga magoti, nikafungua khanga, nikamwekea mfuniko miguuni.

"Mama, sitaigusa chupa. Ujaribu mwenyewe. Mdomo wake una pengo upande mmoja, alilipasua mwenye chupa akiwa mtoto, kwa kijiko, akidokoa sukari. Mfuniko una kishikizo cha mbao ndani kinachoingia kwenye pengo hilo. Mama yake alikichonga. Kisipoingia, nifungie."

Akalitoa lile gunzi, akauinua mfuniko, akaupulizia vumbi. Akauzungusha kidogo kidogo juu ya mdomo wa chupa. Mimi nilihesabu magunia nisimtazame mikono.

Tak.

Ilikuwa sauti ndogo tu. Alijaribu kuuzungusha zaidi, ukakataa. Akautoa, akaurudisha. Tak.

"Kwa kijiko," alisema.

"Kwa kijiko, mama."

"Na alikuwa anadokoa sukari kwenye chumvi." Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, mkono mmoja juu ya rozari. "Marahaba, mwanangu. Nyanyuka, unachafua khanga. Na huyo Kalunde, Jumatatu ninampelekea chumvi. Nitamchanganyia na mchanga."

Niliomba chupa nianze safari ya kurudi. Alikataa katakata. Hata kwao, kama kwetu, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Alichagua chumvi mwenyewe, ile nyeupe ya juu, akaimimina kwa kikombe, akagonga chupa kwa kiganja ili ishuke, akaongeza mpaka mabegani. Mimi nikajaribu kusema kwamba humo hukaa sukari. Akasema Uvinza haitoi sukari.

Kwa hiyo nilimpigia Bi Zuwena kabla sijala.

"Nimeipata, bibi. Nzima."

Nilisikia adhana ya magharibi upande wake.

"Imefungwa?"

"Imefungwa. Imeingia yenyewe. Ila bibi, wameijaza chumvi. Naweza kuimwaga, nikaiosha, nika..."

"Chumvi kweli?"

"Ya Uvinza, bibi."

Nikaanza kuwaza nguo zangu ziko kwa balozi katika hali gani.

"Miaka yote hiyo," alisema mwisho, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyefumaniwa, "chupa ile haijawahi kusema kweli hata siku moja. Mama angecheka. Usiimwage, Hawa. Ije hivyohivyo. Sukari nitaitia kwenye ile yako yenye ufa."

"Na chumba changu?"

"Nimekifagia toka juzi. Ulidhani nani angekaa na yale makorokoro yako?"

Mama Tereza alinipa chumba chenye kufuli nzima. Kitanda, chandarua, ndoo ya maji, taa. Alikuja mwenyewe kuiweka chupa juu ya stuli, akahakikisha haiko ukingoni. Ndipo nilipoona, pembeni mwa dirisha, kiti. Miguu iliyochanuka, mgongo wa kamba ya plastiki iliyosukwa, nyekundu na nyeusi, hakuna uzi uliokatika. Nimekitafuta kiti cha namna ile kwa miaka minne.

"Mama Tereza," nilianza, kwa sauti ndogo, "hiki kiti..."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi, akakibeba kiti, akatoka nacho.

"Lala, Mzaramo," alisema, na nikasikia kufuli inafungwa, kwa nje.